Nani Kamuua Matroni wa Kilima Tisa

Shoga yangu Mama Espe,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumjulia mtu hali. Yako naijua, nilikuwepo. Yangu ni hivi: magoti yananiuma kwa baridi ya Joburg, saluni bado ipo palepale Turffontein karibu na taa za barabarani, hizo wanazoziita robot, na nina kesi na wewe. Usijifanye umelala. Hata ulipokuwa hai ulikuwa na tabia hiyo, ukiulizwa jambo zito unasinzia juu ya kaunta.

Kesi yenyewe inahusu matroni. Lakini nitaanza mwanzo, maana wewe ndiye uliyetutangazia pale saluni kwamba mtu anayeruka kurasa ni mwizi. Maneno hayo nayakumbuka vizuri sana wiki hii.

Kwanza habari za hapa. Kaunta yako ya kioo sasa anaishika Konso, yule Mrundi wetu wa kiti cha pili. Mtu akiomba rasta ya rangi ya kahawia anampa nyeusi, kisha anamwambia nyeusi ndiyo inayompendeza, na mteja anaondoka ameshukuru. Stuli yako hakuna anayeikalia. Mgeni akijisahau akaikalia, mimi nakohoa mpaka anahama. Watu wanadhani nina kifua.

Na hakuna anayesoma. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Umeme ukikatika tunabaki tunatazamana kwenye kioo, mikono yangu imo kichwani mwa mtu, masikio hayana kazi. Zamani ilikuwa zamu yako. Wewe uliuza nywele, kwa hiyo mikono yako ilikuwa na nafasi, ukatoa kitabu mkobani ukatusomea *Mabinti wa Kilima Tisa* tangu mchana hadi kufunga. Sheria ulizitunga mwenyewe: kitabu kinalala kwenye mkoba wako, hakuna kusoma mbele, na anayeuliza mwisho wake anafagia nywele. Nina wateja walioomba rasta nyembamba kabisa, za kukesha, kwa sababu tu sura ilikuwa ndefu.

Mimi nilisoma kile cha kwanza tu, nikiwa darasa la sita Tanga. Vilivyobaki vya shuleni kwetu vililiwa na mchwa. Wewe ulivipata vyote kumi kambini Kigoma, ndivyo vilivyokufundisha Kiswahili chetu cha kitabuni, na siku ya kuondoka wenzako walibeba sufuria, wewe ukabeba shule nzima ya bweni ya wasichana, pamoja na Tausi mtundu, kiranja mkuu mwenye kiburi, na matroni Bi Sijali na funguo zake kiunoni.

Jinsi nilivyompenda Bi Sijali. Sote tulimpenda. Alikuwa akitokea kila mahali. Wasichana wakitoroka, yuko getini. Wakilia, yuko kitandani pao. Mkaguzi wa shule akija na makaratasi yake, Bi Sijali anamkimbiza na funguo hadi kwenye mto. Na kila Jumatano anapika sombe. Siku moja nilikuuliza, matroni wa milimani Usambara amejulia wapi kupika sombe? Huko kwetu ni kisamvu, tena cha nazi. Ukanitazama juu ya miwani. "Weye Zaina, unazani mupaka inakatazaka sombe?" Nikajiona mjinga.

Mbona pia Bi Sijali alikuwa akisema "Njo vile, batoto", yaani ndiyo hivyo, kama watu wa kwenu Bukavu? Hilo sikuliuliza kabisa. Nilidhani ni sauti yako tu.

Na miwani. Mungu wangu, ile miwani. Kila tukifika mahali patamu ulikuwa ukiivua, ukaifuta kwa pindo la kitenge, ukaendelea kusoma bila kuivaa. Mimi nikiwaambia wateja kwa majivuno, mnamwona huyu, amekihifadhi chote kichwani. Nawe unainamisha uso kwa unyenyekevu. Mwongo wee.

Basi, hospitalini ukanishika mkono. Nilidhani utaniachia hotuba, wewe uliyeweza kusema mchana kutwa juu ya wigi lililorudishwa. Ukasema maneno mawili tu: "Umushike Espe."

Nimshike vipi, hukusema. Unamjua mwanao. Kiswahili anakisikia chote, hasa akisengenywa, lakini kujibu anajibu Kiingereza, na akikasirika ni Kizulu. Baada ya matanga alihamia Troyeville kwa binamu yake, kule karibu na kazi yake ya duka la simu. Hata hivyo Jumamosi alikuwa anakuja. Anakaa ubavuni mwa kaunta, anachezea simu, anakunywa chai yangu, anaondoka. Hatukuzungumza sana. Nilikuwa najiambia, akiendelea kuja tu, nitakuwa nimemshika.

Jumamosi moja akaja na mfuko. Ndani vitabu vitatu vipya, jalada linang'aa, juu yake Kilima Tisa. Nilidhani macho yananidanganya. Kumbe mwandishi wetu wa zamani alishafariki, na jamaa zake wamempa ruhusa binti mmoja wa Arusha aendeleze hadithi. Tausi sasa ni mtu mzima, amerudi shuleni kuwa mwalimu mkuu. Espe alikuwa ameviagiza Dar kwa mtu. Akavipanga juu ya kaunta, akaniambia, "Anti, mimi nitasoma. Kama Mama."

Sentensi nzima ya Kiswahili, shoga yangu. Tangu tukuzike sikuwahi kusikia sentensi nzima ya Kiswahili mdomoni mwake. Na unajua nilifanya nini? Nilikichukua kitabu kwa mikono yenye mafuta, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaona Tausi na wenzake wamesimama wanang'oa majani kwenye kaburi la Bi Sijali.

Kaburi! Mtu tuliyemwacha kitabu cha kumi anapiga kengele ya kuwaaga wasichana, mzima, funguo kiunoni. Hakuumwa, hakuaga. Wewe mwenyewe nilikuwa bado sijamaliza kukuzika, naletewa na kaburi lingine. Nikakifunga. Nikasema mbele ya wateja wote kitabu hiki hakisomwi humu, aliyekiandika ni muuaji, na pesa iliyokinunua imeliwa na fisi.

Espe hakunijibu kwa lugha yoyote. Alivikusanya vitatu vyake, akavitia mfukoni, akatoka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Na iliyofuata.

Mtu mwenye akili angepanda kombi siku hiyohiyo akaenda Troyeville. Mimi nilishughulika na matroni. Nilimweleza kila aliyeketi kwenye kiti changu, hata Wazulu wasiojua Kilima Tisa ni nini. Walitikisa kichwa kwa huzuni, maana kichwa chenyewe nilikuwa nimekishika mimi. Konso akaniunga mkono. Kisha tukasikia yule mwandishi yuko mjini, na Jumapili atazungumza na wasomaji wake kwenye ukumbi mmoja Newtown. Nikamwambia Konso, Mungu kamleta.

Ungetuona. Mimi na baibui jipya, Konso na kitenge chake cha kanisani chenye mabega, na nyuma yetu mteja mmoja ambaye nilikuwa nimemfungulia saluni Jumapili kwa dharura ya harusi. Aligoma kubaki peke yake. Kwa hiyo alikuja Newtown upande mmoja amesukwa na upande mwingine umesimama.

Mwandishi mwenyewe ni kabinti kadogo, kapole, ukimwona unataka kumpa uji. Huruma ikanijia, nikaifukuza. Walipouliza nani ana swali nilikuwa nimeshasimama. Nikamwambia: mwanangu, sisi tumemsikiliza Bi Sijali miaka mingi. Kitabu cha nne alipata homa, wasichana wakamkesha na taa, akapona, akaomba uji, na kesho yake akapikia shule nzima sombe. Kitabu cha sita akamkimbiza mkaguzi. Cha kumi akapiga kengele. Wewe umempata wapi akiwa maiti? Nani amekupa haki ya kumuua mwanamke wa watu nje ya kitabu, tukiwa hatupo?

Ukumbi ukapiga makofi. Mzee mmoja Mkongomani huko nyuma akasema "Kweli kabisa, mama." Konso akaanza kulia. Nikatamani ungeniona, nikaketi kwa madaha.

Yule binti akasema kwa adabu, "Mama, naomba radhi. Bi Sijali alifariki kwenye kitabu cha nne."

Nikamwambia amwogope Mungu. Hakubishana. Aliinama kwenye mkoba wake akatoa kitabu cha nne, kilekile cha zamani, kimechakaa kuliko chako, akanipa. Sikuwa na miwani. Konso, naye ana kiherehere, akaninyang'anya akasimama na kuwasomea watu kwa sauti yake ya kwaya. Homa ipo. Taa ipo. Wasichana wamemzunguka. Na kabla kengele ya asubuhi haijalia, Bi Sijali akafa. Konso hakusimama hapo. Aliendelea na jeneza, na nyimbo, na mchanga, mpaka nilipomvuta sketi.

Mteja wangu akajifunika upande usiosukwa. Nami nikasikia sauti yangu, ndogo sana, ikiuliza, "Na sombe?"

"Sombe ni nini, mama?" yule binti akauliza.

Nilirudi nyumbani nikautoa mkoba wako. Espe aliniachia baada ya matanga, nami sikuwahi kuufungua, kwa sheria ileile ya kutosoma mbele. Nikavaa miwani, nikavisoma vyote. Mama Espe, hamna kitu mle. Hamna mkaguzi mtoni. Hamna pilau la Bi Sijali lililopikwa maabara ya kemia. Kengele ya mwisho anaipiga mlinzi ambaye hata jina hana. Na Tausi wetu, Mwenyezi Mungu anisamehe kwa mwandishi wa watu, Tausi wa kitabuni anachosha. Anafanya utundu kidogo, anatubu kurasa tano. Shule niliyoipenda miaka yote hiyo ilikuwa mdomoni mwako, na mimi nimeitetea Newtown mbele ya umati.

Nilikasirika, nisikufiche. Nilikisema kitanda, nikakisema kikombe cha chai. Kisha nikarudia kile kitabu cha nne, na pale kwenye taa nikakumbuka wiki ile.

Ilikuwa wiki aliyofariki mama yangu Tanga. Makaratasi yangu ya kuishi hapa yalikuwa yamekwama ofisini, nikitoka sirudi, kwa hiyo mama yangu nilimzika kwa simu. Nilikuja kazini kwa sababu kukaa ndani kulikuwa kubaya zaidi. Ilikuwa zamu ya kitabu cha nne, na wewe sheria zako hazikuruhusu kuruka. Ukasoma homa. Ukasoma taa, na wasichana, na mkono wa Bi Sijali unaopoa. Halafu ukavua miwani. Uliifuta siku hiyo mpaka nikadhani utaitoboa. Kisha Bi Sijali akafumbua macho, akaomba uji.

Nililia pale, mara ya kwanza tangu simu ile. Mteja akauliza nimepatwa na nini, nawe ukamjibu kwa Kizulu chako kibovu kwamba kuna bibi alikuwa mgonjwa, sasa amepona.

Na baada ya hapo ukawa huna pa kutokea. Vitabu sita vizima vya mbele, na una mwanamke hai ambaye hayumo. Ndiyo maana alikuwa anazuka kila mahali, maskini, hata maabara ya kemia. Ulikuwa unamtafutia kazi. Ulipokwama ulimpa sufuria ya sombe, kwa kuwa hukujua mtu mzima mwenye afya atafanya nini kingine Jumatano. Nilikaa pale kitandani nikacheka mpaka nikakohoa, kikohozi cha kweli safari hii, kisha nikalia, kisha nikacheka tena. Hujawahi kunifanyia jambo kubwa kama hilo, na hukunidai hata shukrani. Nakushukuru leo. Nakupenda, shoga yangu, na nimekukosa vibaya sana.

Kesho yake nikapika kisamvu, nikaenda nacho Troyeville. Espe akafungua mlango nusu. Nikamwambia mimi ni mzee mpumbavu, kitabu chake kisomwe Jumamosi, na stuli ni yake. Habari ya kitabu cha nne sikumwambia. Niliona hilo ni la mimi na wewe. Akaonja kile kisamvu. "Nazi, Anti? Mama angekufukuza." Akamaliza sufuria.

Jana akaja.

Aliketi kwenye stuli yako na mimi sikukohoa. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole chini ya mstari, akaanza. Anasoma kwa kujikwaa, neno moja moja, kidole kinatangulia na sauti inafuata. Konso alimsahihisha mara mbili, nikamkata jicho. Nilikuwa nasuka binti mmoja wa Rosettenville, na kila mstari ulivyokaribia lile kaburi ndivyo nilivyovuta nywele. Binti wa watu akasema, "Eish, mama, kichwa." Tausi na wenzake wakapanda njia nyuma ya bweni. Wakapita bustani. Wakafika kwenye lango dogo.

Kidole kikasimama.

Kilisimama palepale langoni, Mama Espe, lakini sauti ikaendelea. Na kujikwaa kukaisha. Wakafungua lango, wakamkuta Bi Sijali amekaa nyuma ya jiko, mzee kabisa sasa, funguo kiunoni, anachambua majani ya sombe. Akawatazama mmoja mmoja. Akasema, "Eish, batoto. Munachelewa. Njo vile, mukule kwanza."

Sijui amejua lini. Alipokuwa mdogo alikuwa anafanyia kazi za shule chini ya kaunta, na nadhani ukiwa chini pale unaona vizuri kama macho ya mtu yako kitabuni au hayako. Huenda tangu siku ile ya kisamvu alishanisoma. Huenda siku ile alipoleta mfuko alikuwa amejipanga tayari, na mimi nikamharibia kwa kusoma mbele. Sikumuuliza. Hakuinua macho kunitazama, nami niliendelea kusuka, ingawa mstari wa nywele nilikuwa siuoni.

Nilichoogopa ni Konso. Konso aliyemzika Bi Sijali kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya ukumbi mzima. Nikamwona kwenye kioo anafungua kinywa. Akakifunga. Akafikiri. Kisha akauliza kama sombe ile ina mawese.

"Iko na mawese," Espe akajibu, kidole bado langoni.

Basi ndiyo habari ya huku. Kitabu hicho bado sura nyingi, na viwili vingine havijaguswa. Nakuahidi mimi sitavifungua, hata umeme ukatike mwezi mzima. Miwani yangu nimeitia kwenye mkoba wako, pamoja na vile kumi, nikafunga zipu. Nitasuka na nitasikiliza. Uliniambia nimshike Espe. Jumamosi ijayo amesema anakuja mapema, anataka tumalize sura ya pili, na atajiletea chai yake kwa kuwa yangu eti ina sukari ya harusi.

Pumzika, Mama Espe, Mungu akuweke pema. Bi Sijali hajambo. Anakusalimu sana.

Wako,
Zaina